Krismasi ya mfuko mwembamba, tupeane uzoefu

Mama Wawili (Mbagala)
Wadau habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu wa kula Krismasi na familia wakati hela huna, yani sio kwamba huna kabisa ila ukiigusa tu imeisha. Mwaka jana nilipokea mchezo, ile hela ya kuchangiana na wenzangu kwa zamu, tarehe 20 nikajiona tajiri, nguo za watoto, kreti mbili za soda, kilo tano za nyama, mpaka mapazia nikabadilisha, afu shule zilipofunguliwa Januari mtoto kaenda na madaftari mawili. Aibu ile jamani. Mwaka huu nina 80,000, watu saba, na mama mkwe anakuja kutoka Mahenge. Semeni ukweli, msinipe mambo ya kwenye TV.

Mrombo wa Kimara
Pole dada. Mimi Mchaga, na mnajua Desemba kwetu kurudi nyumbani Kilimanjaro ni kama sheria. Nauli yangu, ya mke na watoto watatu kwenda na kurudi ni mzigo, ila shida yenyewe ni kwamba Rombo hushuki mkono mtupu, kila mgomba una shangazi na kila shangazi anataka sukari, na kaka zangu wameshachinja wanakusubiri wewe wa Dar utoe hela ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwaka mmoja nikampigia mama tarehe 1 kabisa nikamwambia mama mwaka huu siji, sina. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata, afu akauliza, "Sasa hiyo nauli inaenda wapi?" Nikamtumia nusu.

Nusu iliyobaki tukachanga wapangaji watano wa nyumba yetu, tukaenda mnadani Pugu kuchukua mbuzi. Hapo ndo kuna kazi, ukienda siku mbili kabla ya sikukuu utalia, nenda wiki moja kabla na uende na mtu anayejua mbuzi, mimi nilikua nang'ang'ania mwenye tumbo kubwa kumbe kajazwa maji. Tulimpakia boda mpaka Kimara, mbuzi katikati yangu na dereva, watu wa kituoni wanatupigia miluzi. Kuchinja tukamwomba mzee Muislamu wa chumba cha pili ili nyumba nzima tule bila mtu kujiuliza. Kila chumba kilipata kilo mbili na ushee, supu ya kichwa na utumbo tukanywa wote uani. Mpaka leo watoto wangu ukiwauliza Krismasi nzuri wanaitaja hiyo, sio za Rombo, na kwakweli inaniuma kidogo.

Mzee wa Kona
Mbuzi wa kuchangia muwe makini. Wa kwetu waligombania ini mpaka mwenye nyumba akaitwa.

Kijana wa Sinza
Kwenye kununua mapema na mimi nina neno. Tarehe 10 nilichukua majogoo matatu ya kienyeji pale Shekilango nikajua nimewawahi walanguzi, tarehe 19 mmoja kaanza kusinzia, kinyesi kijani, kumbe mdondo, ule ugonjwa wa kuku. Mpaka tarehe 22 wote wamekwenda, na wawili wa jirani juu. Tukala dagaa wa nazi. Walikua watamu lakini, tusidanganyane. Ukinunua mapema uliza kama wamechanjwa, la sivyo subiri tarehe 23 ulipe hiyo bei ya juu ulale usingizi.

Fundi Cherehani
Mi naongelea nguo maana ndo kazi yangu, na nyie wateja wa kuleta kitambaa tarehe 22 mnataka tarehe 24 Mungu anawaona. Nyumbani kwangu viatu vya sikukuu ndo viatu vya shule. Vyeusi, vya kamba, watoto wanaenda navyo kanisani tarehe 25 vikiwa vipya, jioni navifuta napandisha juu ya kabati mpaka shule zifunguliwe. Binti yangu mwaka wa kwanza alinuna misa nzima, sa hivi anachagua mwenyewe. Magauni naokota mitumba Karume mwezi wa 10 kabla bei hazijachangamka, napunguza mwenyewe, naweka ribon, hakuna anayejua.

Jirani wa Tandika
Mimi Muislamu ila Krismasi yenu inanihusu, Idi natoa sahani, Desemba inarudi, na sahani hairudi tupu. Mama Wawili nikwambie kitu kimoja tu, pilau la watu saba pikia mkaa. Mwaka juzi jirani yangu mtungi wa gesi ulimwishia saa sita mchana, sufuria liko juu, wageni sebuleni, ikabidi lihamie jikoni kwangu tukalipalia makaa. Ukoko nilikula mimi.

Mama Wawili (Mbagala)
Nimecheka mbuzi kwenye boda mpaka mume wangu kauliza naongea na nani. Kesho asubuhi naenda kununua madaftari kwanza kabla sijalegea, na viatu vyeusi nimeichukua hiyo. Soda hamna, nitatengeneza juisi ya ukwaju. Ila hii ya kuchanga wapangaji ndo imenikaa, hapa tuko wanne, tatizo wa chumba cha mbele hatuongei tangu mwezi wa 9 kisa hela ya umeme wa luku, yeye ana friji mimi nina taa mbili na feni, eti tulipe sawa. Nimemtuma mtoto na kibakuli akaombe chumvi, nione.

Mama Wawili (Mbagala)
Karudi na chumvi. Na embe mbili.