Mashine ya kukereza ya kizamani inauzwa Tanga, ninunue au niachane nayo?

Mchomeleaji
Wakuu habari za jioni. Kuna shamba la mkonge huko Tanga wanauza vitu vya karakana yao, kati ya hivyo kuna mashine ya kukereza vyuma, Colchester Student ya Muingereza, imekaa muda mrefu haijawashwa, kutu imepanda kitandani (zile reli ndefu za mashine) na chaki, ile inayoshika chuma kinachokerezwa, haizunguki kwa mkono. Jamaa anataka milioni 4 ila anaonekana atashuka. Nina kijiofisi cha kuchomelea hapa Gerezani, Dar, kazi za shafti na bushi nazipeleka kwa watu hela inaishia hukohuko. Nikienda kuiona nikague nini? Na mota yake ni fezi tatu, mimi nina fezi moja

kichwangumu
Milioni 4 kwa chuma chakavu?? Ongezea kidogo agiza ya Kichina mpya

Babu Jiliwa
Kichwangumu, kwa hela hiyo unapata kile kimashine cha juu ya meza, kipe shafti ya trekta uone kinavyotetemeka.

Kijana, kutu isikutishe, ile ya juujuu inatoka kwa mafuta ya taa na stilwaya. Kinachoua mashine ni kulika. Kitanda kinalika zaidi karibu na chaki maana kazi nyingi zinafanyikia hapo, sasa sogeza keriji (kile kibebeo cha kisu kinachotembea juu ya kitanda) mpaka hapo, kaza kidogo boliti ya kuifungia iwe nzito kiasi, halafu ipeleke taratibu kule mwisho. Ikianza kugoma njiani ujue pale mwanzo pameliwa. Chaki kutozunguka si lazima iwe imekufa, weka gia nyutro kwanza ndo uanze kusikitika. Na ukiinunua, mtu asije akapitisha grainda kwenye kitanda eti anasafisha, nimeshaona watu wanafanya huo ushenzi

Waya Mwekundu
Umeme si tatizo. Fungua kiboksi cha nyaya cha mota, ukikuta ncha sita na vibati vya shaba vimefungwa kwa stari, ukivihamishia delta (hizo ni namna mbili za kuunganisha nyaya za mota) mota ya 415 inakubali 240, hapo unaweka invata inayoingiza fezi moja na kutoa tatu. Ukikuta ncha tatu tu, stari imefungiwa ndani, umtafute fundi wa kusuka mota azitoe. Soma kibati cha mota kabla ya yote

Mchomeleaji
Asanteni sana wakuu. Kuna ndoo ya gia pembeni anasema hazina kazi, nimwachie?

Babu Jiliwa
Weee! Hizo ndo gia za kubadilisha za kukatia nyuzi za boliti, bila hizo una nusu mashine. Zihesabu meno. Mashine nyingi za Muingereza skrubu yake kubwa, ile ndefu inayovuta keriji, ni ya inchi, ukitaka nyuzi za milimita lazima upate gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni milimita 25.4, inchi kumi ni 254, na nusu ya 254 ndo hiyo 127, hakuna namba ndogo zaidi inayotoa jibu kamili. Ikikosekana humo shusha bei, kuchongesha gia ya hivyo si hela ndogo

Waya Mwekundu
Na siku ya kupakia peleka keriji kule mwisho, kichwa, ule upande wa chaki, ndo kizito, usipofanya hivyo mashine itapinduka. Mkanda wa winchi usipite kwenye ile skrubu ndefu, ikipinda umeua kila kitu