Kwa nini nilianza kuongea kama wao?

MamaDagaa
Habari zenu wakuu. Nauza dagaa Kirumba, Mwanza. Mwaka jana niliingizwa kwenye kikundi cha fursa cha WhatsApp. Pesa iliyoliwa imeshaliwa, yaishe. Ninachouliza ni kuhusu maneno.

Kule hakuna "kutoa pesa", unapanda mbegu. Malipo yakichelewa, unajaribiwa. Ukiuliza hesabu, una akili ya mshahara, mimi ambaye tangu nizaliwe sijawahi kulipwa mshahara! Saa kumi na moja alfajiri kiongozi anarusha sauti, watu mia mbili na kitu tunajibu "napokea". Usipojibu unaitwa mbele za watu: "Mama D, umekauka?" Wiki ya tatu nikausikia mdomo wangu ukimwambia mume wangu, "Wewe ni sumu kwenye ndoto zangu." Mwanamume wa watu alikuwa ameuliza tu ada ya mtoto iko wapi.

Mdogo wangu bado yumo. Nikimwambia katapeliwa, ananijibu kwa maneno yaleyale niliyokuwa nasema mimi. Nimwingieje?

Mzee wa Tabora
Binti yangu, hiyo mbegu si ngeni. Kabla serikali haijaisimamisha DECI, ule mchezo wa upatu, mwaka 2009, wanachama walikuwa "wanapanda" na kusubiri "kuvuna". Mkopo una tarehe na una mdaiwa. Mbegu haina mdaiwa. Isipoota utalaumu udongo, na udongo ni wewe.

Wala si matapeli peke yao. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha bidhaa, nilikuwa darasa la sita. Jirani yetu mwenye duka alikuwa na katoni tatu za sabuni. Jumatatu ni muuza duka, Ijumaa ni mhujumu, na sabuni ni ileile. Usiku akazitumbukiza chooni, na shida ya sabuni ya siku zile mnaijua. Waliokuwa wakipita mlangoni kwake wakiimba "mhujumu, mhujumu" ni sisi watoto. Hakuna aliyetutuma.

Kiroboto
Mzee heshima yako, ila tusisingizie maneno. Tamaa ndiyo iliyompeleka. Mimi pia niliambiwa habari za mbegu, nikauliza inaota baada ya siku ngapi. Wakanitoa kwenye kikundi kabla ya magharibi.

Mzee wa Tabora
Kiroboto, umejijibu mwenyewe. Wenye tamaa waliachwa ndani, wewe uliyeuliza siku ndiye uliyetolewa.

Mama D, usimwambie mdogo wako katapeliwa, jibu la hilo walishampa zamani. Mwombe akusimulie bila kutumia neno hata moja la kule. Katoa shilingi ngapi, kampa nani, atarudishiwa lini. Kisha nyamaza, usimsaidie.

MamaDagaa
Mrejesho. Nimempigia jana usiku.
"Umetoa shilingi ngapi?"
"Dada, mimi nimepanda..."
"Shilingi ngapi?"
Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kwa mbali nasikia redio ya kwake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Laki saba. Na elfu themanini ya mama."

Hiyo ya mama nilikuwa siijui.