Programu ya 2001 inagoma kujengwa kwa GCC 13, naombeni ushauri

MtoaHesabu:
Habari zenu wakuu. Kwenye saccos ninakofanya kazi kuna programu ya C++ inayokokotoa riba za wanachama. Iliandikwa 2001 kwa Visual C++ 6, kompaila ya Microsoft. Haina madirisha, inasoma faili na kutoa faili. Kompyuta yake imechoka, hivyo natakiwa kuijenga upya kwenye Ubuntu 24.04 yenye GCC 13, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu. Kompaila inalalamika faili baada ya faili: `was not declared in this scope`, yaani jina halijatangazwa mahali hapa. Mara `strlen`, mara `i`, mara `jumla`, ambayo naiona kabisa imetangazwa kwenye klasi mama, ile inayorithiwa. Kuna wanaoshauri niweke `-fpermissive`, ili kompaila ilegeze masharti. Niweke? Hizi ni pesa za watu, sitaki kubahatisha.

Sikonge_Dev:
Usiweke mkuu. Kwanza haitakuokoa kwa `i` wala `strlen`. Anza na heda, yaani faili za matangazo zinazoingizwa juu ya msimbo, ndizo rahisi. Zamani heda moja iliingiza nyingine kimyakimya, mtu akaweka `<string>` na `strlen` ikapatikana. GCC 4.3 ya 2008 ilipunguza sana mtindo huo, na 13 imepunguza tena, kiasi kwamba hata `uint32_t` inaweza kukugomea mpaka uweke `<cstdint>`. Kwa `strlen` na `memcpy` weka `<cstring>`, kwa `atoi` na `exit` weka `<cstdlib>`. Ukikuta `<iostream.h>`, iwe `<iostream>`, na `cout` iwe `std::cout`.

BintiKernel:
Kwenye `i` naomba utulie, ndugu yangu. Bila shaka una kitu kama hiki:

```
for (int i = 0; i < idadi; i++)
    if (namba[i] == tafuta) break;
if (i == idadi) hayupo();
```

Visual C++ 6 iliiacha `i` iendelee kuishi baada ya lupu (mzunguko wa `for`). Kiwango cha C++ cha ISO cha 1998 kinataka ife pamoja na lupu yake. Pale inapotumika baadaye, itangaze juu ya lupu: `int i;` kisha `for (i = 0; ...`.

Mstari unaokataa kujengwa utauona tu. Mimi nahofia ule unaokubali. Kama nje kuna `i` nyingine, tuseme ya lupu kubwa inayoizunguka hii ndogo, GCC itasoma hiyo ya nje bila kukuambia neno. Programu itajengwa na kuendeshwa, na mwanachama asiyekuwepo anaweza kuhesabiwa yupo, au aliyepo akahesabiwa hayupo. Jenga kwa `-Wshadow`, ikuonyeshe kila jina la ndani linalofunika la nje, kisha soma kila onyo kwa macho yako.

MtoaHesabu:
Asante sana dada. Hiyo ya lupu ndani ya lupu ninayo, tena kwenye marejesho ya mikopo. Na `jumla` je? Klasi mama ni templeti, yaani aina ya data yake hujazwa inapotumika.

Sikonge_Dev:
Ndiyo sababu. Visual C++ 6 ilisubiri templeti itumike ndipo itafute majina. GCC, tangu 3.4 ya 2004, huyatafuta pale templeti inapoandikwa, na wakati huo haichungulii ndani ya klasi mama ambayo aina yake bado haijajulikana. Andika `this->jumla`. Na hatari ni ileile aliyosema BintiKernel: kama kuna `jumla` nyingine nje ya klasi zote, GCC itaichukua hiyo na kunyamaza. Tafuta kwa `grep`, programu ya kutafuta maneno kwenye faili, kila jina lililotangazwa ndani ya klasi mama.

MzeeWaMakefile:
Kijana, msiizime ile kompyuta ya zamani kwanza. Chukua faili za mwaka mzima, ziendeshe pande zote mbili, kisha linganisha matokeo kwa `diff --strip-trailing-cr`, amri inayoonyesha tofauti za faili mbili, maana Windows hufunga mistari kwa namna yake. Ukiona senti ya mwisho tu imetofautiana, tazama kwanza kama riba inakokotolewa kwa `float`, aina ya namba za desimali. Kompaila za zamani na za sasa hazikati desimali sawasawa. Lakini ukiona mwanachama amekosekana, au salio limeruka kwa maelfu, rudi kwenye zile lupu za marejesho kabla ya kugusa kitu kingine.

MtoaHesabu:
Nimekuelewa mzee wangu. Naanza na marejesho, nitaleta majibu ya `diff` hapahapa.