Nani hasa alijenga piramidi ya Giza? Baraza imegawanyika huku

mwana_wa_kibokoni
Wadau salaam. Jana baada ya magharibi tuko barazani na kahawa chungu yetu, jamaa mmoja katoa simu anatuonyesha video ati piramidi kubwa ya Misri ilijengwa na viumbe wa sayari nyengine, mzee wetu mmoja akasema wapi, hayo ni majini, mimi nkasema ni watumwa maana ndivyo tulivyofunzwa shule, basi hapo pakachacha mpaka muuza kahawa akasahau kudai pesa zake. Mwenye elimu atutoe hapa. Na kwani hii kitu ina nini mpaka kila filamu lazima iwemo?

fundi_wa_mtwapa
Mimi ni fundi, nachukua mawe timbo. Jiwe moja la ukuta kijana analibeba huku analalamika mgongo. Sasa hiyo piramidi kubwa, ya mfalme Khufu, jiwe moja ni wastani wa tani mbili na nusu, na yako kama milioni 2.3, hebu piga hesabu kwa miaka 20 hivi, ni zaidi ya mawe 300 kwa siku, hakuna Ijumaa hakuna sikukuu. Kwa hivyo wa majini simcheki, nshamwelewa. Lakini timbo lenyewe liko hapo hapo Giza kusini ya piramidi na alama za kukatia bado zaonekana, jini wa nini tena ahangaike na patasi ya shaba?

tezi_na_omo
Watumwa pia sio, kaka. Hiyo hadithi ya kuwa walijenga watu laki moja ni ya Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, na yeye alifika Misri miaka 2,000 baada ya kazi kwisha, alikuwa anasimuliwa tu. Mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye ukuta uliofukiwa na mchanga, kuchimba pale yakatoka makaburi ya wajenzi wenyewe, wamezikwa kwa heshima karibu na mfalme wao, mtumwa nani angempa nafasi ile? Na walikuwa wakila nyama ya ng'ombe. Kila kikosi kilikuwa na jina lake wameliandika kwa rangi kwenye mawe huko ndani: Marafiki wa Khufu, na kwa piramidi ya Menkaure, mfalme mwengine wa hapo hapo Giza, wako Walevi wa Menkaure 😂 kama majina ya matatu vile.

Lakini kilichonimaliza mimi mtoto wa bahari ni kile cha 2013. Pierre Tallet, mtafiti wa mambo ya kale, na wenzake walikuwa wakichimba Wadi al-Jarf, bandari ya zamani kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, wakakuta mafunjo, yale makaratasi ya Misri ya kale, ndiyo makongwe zaidi yaliyoandikwa kuwahi kupatikana. Si dua si hadithi ya wafalme. Ni daftari la nahodha! Jina lake Merer, mabaharia wake kama 40, anaandika siku kwa siku, leo tumepakia mawe kwenye timbo la Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika kwa Khufu, safari mbili tatu kila siku kumi. Yale mawe meupe ya kufunika nje ndiyo aliyokuwa akibeba. Babangu alikuwa na daftari la jahazi hivyo hivyo, amepakia nini, amelala wapi, nilipoisoma ile habari nikamkumbuka sana.

tuktuk_namba_saba
piramidi ninayoijua mimi ni ile ya upatu iliyokula pesa za mamangu 2007, mpaka leo ukitaja hilo jina nyumbani hupati chai

mwalimu_mstaafu
@tuktuk pole mwanangu, lakini ona jina limefika wapi. Hiyo ya Giza ilipojengwa ilikuwa mita 146 na ushei, na kwa zaidi ya miaka 3,000 binadamu hakujenga kitu kirefu kuishinda mpaka makanisa ya Ulaya karne ya 14. Umbo limeingia kwenye dola moja ya Marekani na kwenye uwanja wa jumba la makumbusho la Louvre kule Paris. Filamu ndizo zinazochanganya watu. Ile laana mnayoisikia ni ya mfalme Tutankhamun, kaburi lake lilipopatikana 1922, na yeye kaburi lake ni shimo la mwambani Luxor, piramidi hana. Khufu mwenyewe mwili wake haukuonekana, na sanamu yake nzima iliyobaki ni moja tu, ya pembe ya ndovu, sentimita 7 na nusu, yatosha kwenye kiganja. Piramidi lote lile na sura yake waiweka mfukoni!

mwana_wa_kibokoni
Shukran sana wote. Nimemsomea mzee barazani ile ya Merer neno kwa neno, katulia, kanywa kahawa yake, halafu yuwasema sawa nimekubali, lakini nahodha wa kubeba mizigo ile lazima alikuwa na jini wake.