Kumuita Gordon Murray MWIZI? Mbele ya watu? Leo hatulali!

Wakuu, naandika huku vidole vinatetemeka. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa "kanuni ni kanuni", aliyeijua langalanga yote kupitia video za sekunde 30.

Leo kijiweni, watu wamejaa hadi mlangoni, naeleza kwa utulivu habari za Brabham BT46B, gari la langalanga (Formula 1) la mwaka 1978 alilobuni Gordon Murray. Akanisubiri nimalize. Akatoa kijiti mdomoni. Akasema: "Huyo fundi wako ni mwizi tu." Kisha akaomba rimoti.

MWIZI! Mtoto wa Durban, kaenda Uingereza kawahangaisha mainjinia wa dunia nzima, leo anatukanwa na mtu ambaye gari lake likichemka analimwagia maji kwenye boneti!

Msimu ule gari la wapinzani, Lotus 79, lilikuwa linawaonea watu. Hewa inapita chini ya bodi, gari linagandamana na lami. Murray hakuweza kufuata njia ile, injini yake ya Alfa Romeo ya silinda 12 ilikuwa pana mno, inaziba njia ya hewa. Akafunga feni kubwa nyuma, inazungushwa na giaboksi, inafyonza hewa chini ya gari ligandamane na lami, na pembeni kuna sketi za kuzuia isivuje. Kanuni ilikataza kifaa kinachosogea ambacho kazi yake KUU ni kugandamiza gari kwa hewa. Wao wakasema kazi kuu ya feni ni kupoza rejeta iliyolazwa juu ya injini. Na ilipoza kweli! Mwizi gani anaanika alichoiba nyuma ya gari, kinazunguka mbele ya macho ya wapinzani?

Anderstorp, Sweden, 17 Juni 1978. Mafuta yamemwagika njiani, wenzake wanateleza, dereva wa Brabham, Niki Lauda, anapita kama hakuna kitu. Kashinda kwa zaidi ya sekunde 30. Ushindi HAUKUFUTWA, upo kwenye rekodi hadi leo. Waliposhindwa kulikimbiza wakalia, Bernie Ecclestone mwenye timu akaliondoa ili asigombane na wenzake, na feni zikapigwa marufuku. Mbio moja tu! Gari limeuawa kwa machozi ya walioshindwa, halafu mtu anatoa kijiti mdomoni...

Kijiti, wakuu. Hata hakukitupa. Alikirudisha.

fundi_rejeta: Mkuu pole. Ila kama haikuwa wizi, kwa nini likiwa limesimama feni walikuwa wanaifunika na kifuniko cha pipa la taka?

Mleta uzi: Kuficha ubunifu si wizi! Hata mama ntilie hakuonyeshi anavyounga mchuzi wake!

Bibie wa Kona Kali: Gari lenyewe Lauda akikanyaga mafuta limesimama, linachuchumaa. Hiyo ndiyo kupoza rejeta? 😂😂 Jamaa wa kijiti kashinda.

Mleta uzi: Nawe umetumwa naye.

mzee_wa_klachi: Mnalilia feni, mimi nalilia Tyrrell, gari la langalanga la magurudumu sita. Ilishinda palepale Anderstorp mwaka 1976, Scheckter wa kwanza, Depailler wa pili. Baadaye wakaja kuandika kwamba magurudumu ni manne, basi. Waliokula njama wengine bado wanapokea pensheni.

Turbo Dada: Wizi halisi ni Toyota 1995, rali ya Catalunya. Kile kizuia hewa cha turbo kilikuwa kinaachia hewa ya ziada, wakaguzi wakikifungua kinajirudisha chenyewe mahali pake. Hata Max Mosley, rais wa wakati ule wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, alikiri hajawahi kuona udanganyifu wa kistadi vile. Wakafungiwa miezi 12. Hao ndio wezi, mwacheni Murray.

Mleta uzi: ASANTE dada! Mtu kama huyu ndiye alitakiwa awepo kijiweni leo!

Nakuru_Vumbi: Toyota isiguswe hapa. Celica ilituchukulia rali ya Safari 1984, 1985 na 1986 mfululizo, nyinyi mlikuwa wapi? Na tukiongea kanuni, nani aliifupisha Safari? Zamani ilikuwa maelfu ya kilomita, gari lina bomba la hewa limepanda hadi paani kwa ajili ya kuvuka mito. Siku hizi wanazunguka Naivasha wanarudi kulala hotelini.

mzee_wa_klachi: Naivasha mna fesh-fesh, mnalia nini? Sisi huku hata rali ya mkoa hatuioni.

Nakuru_Vumbi: Fesh-fesh unaijua au umeisoma? Ile vumbi inameza gari hadi mlangoni!

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kasema MWIZI. Watu walicheka.

fundi_rejeta: Nani ana rejeta ya Celica ya zamani, ya aluminiamu? Njoo PM.

Bibie wa Kona Kali: Aluminiamu usinunue bila kuipima presha, niliuziwa moja inavuja kwenye kila kona.

Turbo Dada: Nani alikuuzia? Yule wa kofia nyekundu?

Bibie wa Kona Kali: HUYOHUYO! Namfungulia uzi wake sasa hivi.