Mrejesho: Broly yupi ahesabiwe, na je, anamzidi Goku?

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza Broly yupi (mpiganaji huyu ana matoleo mawili tofauti) ahesabiwe kwenye hadithi rasmi ya Dragon Ball, katuni ya Kijapani, na kama anamzidi shujaa wake mkuu, Goku. Nimezirudia filamu mbili, moja ya kila toleo. Yule wa 1993, anayemchukia Goku kisa kilio cha utotoni, simhesabu. Kwenye manga, yaani vitabu vya katuni vya asili, hakuwepo. Wa 2018 ndiye, maana muswada aliuandika Toriyama mwenyewe, mtunzi wa Dragon Ball. Na humo ubishi unaisha: Goku na mwenzake Vegeta, wote nywele za buluu (hali yao ya nguvu kubwa), wanachezea kichapo cha Broly kisha wanakimbilia kuungana wawe mtu mmoja, adui yao Frieza akiachwa anapondwa. Wanakosea kuungana mara mbili (mara moja katoka bonge, nilicheka sana!). Hadi alipotokea Gogeta, yaani Goku na Vegeta walioungana, ndipo Broly akazidiwa. Mnaosema Goku peke yake anatosha, leteni hoja nyingine.