Mrejesho: nyufa za zege kwenye viungio, Iowa

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kwa nini barabara ya zege huku Iowa, Marekani, ina nyufa nyeusi zinazofuata viungio (pale bamba moja la zege linapokutana na jingine), ilhali zege lilitiwa viputo vidogo vya hewa ili lisipasuliwe na barafu. Aliyesema tuangalie kokoto alikuwa sahihi. Tulitoboa sampuli mpaka chini: juu zege ni zima kiasi, chini karibu na kiungio limesagika, na ufa unapita katikati ya kokoto zenyewe.

Viputo hulinda saruji iliyoshika, havilindi jiwe. Kokoto hizi ni za mawe ya chokaa yenye vinyweleo vyembamba mno. Zinanyonya maji yanayotuama chini ya bamba, haziyaachii upesi, na maji yakiganda ujazo wake huongezeka takriban asilimia 9. Jiwe linapasuka, majira ya baridi baada ya majira ya baridi. Si mawe yote ya chokaa yako hivyo. Mengine hudumu miongo mingi.

Kipande kinachojengwa upya tumekiombea kokoto za tabaka jingine la machimbo, tena ndogo zaidi, maana kubwa ndizo hupasuka kwanza. Wazo la kuziba nyufa za juu tu nimelipinga kikaoni: ubovu uko chini.